Kopi za mkopo, mwaka wa korona

Wiki iliyopita nilikuwa nahamisha steshenari yangu kutoka fremu moja kwenda fremu ya jirani, hatua ishirini tu, ila wenye biashara mnajua kuhama hatua ishirini na kuhama mkoa uchovu wake ni uleule. Katika kutoa maboksi nyuma ya mashine ya fotokopi nikakuta kaunta buku moja imejaa vumbi letu hili la Dodoma, juu nimeandika kwa maka peni KOPI ZA MKOPO 2020. Nikakaa juu ya rimu za karatasi nikaanza kufungua, vijana wa kubeba mashine wananiita dada vipi, tunaondoka au hatuondoki, mi nishafika mwaka wa korona huko.

Kwa msionijua, steshenari yangu inatazamana na geti la shule ya msingi ya serikali, humuhumu jijini, jina la shule nalimeza maana walimu wengine bado wapo na ndo wateja wangu. Nauza madaftari, peni, rula, natoa kopi, naprinti, napiga laminesheni, najazia watu fomu za mtandaoni. Kengele ya saa nne ikigonga pale kwenye kaunta yangu huwa hapasemeki, mmoja anataka penseli ya mia, mwingine kachongeo, mwingine hana hela ila anataka tu kushika shika vitu. Kwa hiyo shule ikipiga chafya mi ndo napata mafua.

Tarehe 16 Machi 2020, siku ya Jumatatu, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza mgonjwa wa kwanza, abiria aliyetokea Ubelgiji, kule Arusha. Jumanne Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kufunga shule zote kuanzia awali mpaka kidato cha sita, siku 30. Jumatano asubuhi wapo watoto walikuja na sare zao maana kwao hakuna aliyesikiliza taarifa ya habari, wakakuta mlinzi getini anawaambia rudini nyumbani kuna ugonjwa. Wakashangilia jamani. Yaani watoto walipiga vigelegele kama Simba na Yanga imeisha vizuri. Mwanangu wa pili alikuwa darasa la saba mwaka ule na yeye alirudi anaruka ruka, nikamwambia we cheka tu, mtihani uko Septemba haujui korona.

Siku 30 tulizichukulia kama likizo, sitawadanganya. Na huku kwetu likizo ya mwezi Machi na Aprili ina kazi yake. Mvua inakuwa imenyesha, mtama na uwele umeanza kutoa masuke, na kwelea kwelea wanakuja kama wingu. Ndege wale wakishuka shambani asubuhi bila mtu wa kuwafukuza, jioni unavuna mabua. Kwa hiyo bibi na babu waliopo Chamwino, Mvumi, Bahi, Kongwa huko, waliposikia shule zimefungwa simu zikaanza kupigwa mjini, nileteeni mtoto aje aamie ndege. Watoto wakapakiwa kwenye mabasi na Noah, wengine na ndala moja moja. Hakuna aliyeona vibaya, mi mwenyewe ningekuwa na shamba ningempeleka wangu.

Halafu tarehe 14 Aprili serikali ikasema shule zitaendelea kufungwa na safari hii haikutaja mwisho. Hapo ndo watu wakashtuka. Kwenye mtaa ilikuwa malimao bei juu, tangawizi bei juu, kila nyumba inanuka mikaratusi na mchaichai watu wanajifukiza nyungu, na takwimu za wagonjwa zilifika 509 mwanzoni mwa Mei zikakomea hapo, haikutangazwa nyingine. Kila mtu akabaki na takwimu zake za kichwani. Mimi mauzo yalikuwa yameshuka mpaka nikawa nafungua saa tano nafunga saa tisa, siku moja niliuza gundi moja na picha za paspoti za mzee mmoja anayefuatilia pensheni, basi.

Serikali ilileta vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, Taasisi ya Elimu Tanzania ikaandaa, TBC wakarusha, na vituo vingine vikaja na vya kwao. Wazo zuri tu, siwezi kulibeza. Ila niwaambie kilichotokea nyumbani kwangu. Nilimkalisha mwanangu na daftari mbele ya redio, mwalimu wa redioni akafundisha sehemu, akauliza swali, akanyamaza kidogo ili watoto wajibu, halafu akasema kwa furaha kabisa, vizuri sana! Mwanangu alikuwa hata hajafungua mdomo. Akaniangalia akasema mama, huyu anampongeza nani? Tulicheka siku ile, ila kesho yake hakukaa tena, na mimi sikumlazimisha maana hata mimi sikujua nimjibu nini. Na hiyo ni nyumba yenye redio na umeme. Jirani yangu king'amuzi chake kilikuwa kimekata kifurushi tangu Februari.

Ndo walimu wakaja na lao. Madam wa Hisabati, mwanamke mmoja mfupi ana sauti ya kuamrisha hata akikusalimia, alifungua grupu la WhatsApp la wazazi wa la saba. Akawa anaandika maswali kwenye karatasi kwa mkono, anapiga picha anatuma. Picha nyingine zina kivuli cha mkono wake na simu, nyingine kona imekatika swali la kumi halionekani, wazazi wanauliza Madam la kumi linasemaje, yeye anajibu kwa sauti ya kurekodi huku nyuma mtoto wake analia. Mwalimu wa Sayansi akafuata, wa Maarifa ya Jamii akafuata. Kwenye wiki mbili tu kukawa na utaratibu: Jumatatu Hisabati, Jumatano Sayansi na Kiswahili, Ijumaa Kiingereza na Maarifa.

Sasa ukiwa na simujanja na bando unaona swali, mtoto anakopi kwenye daftari. Ukiwa huna? Wazazi wengi wa shule ile wana vitochi, simu ya kupiga na kutuma hela, inakaa na chaji siku nne lakini picha haioni. Hao ndo walianza kuja kwangu. Anakuja na namba ya simu ya jirani aliyemo kwenye grupu, jirani anaforwadi kwangu, mi naprinti. Kopi ilikuwa shilingi 100. Watu husema mia ni hela ya pipi, sawa, ila maswali ya wiki moja yalikuwa kurasa 15 hivi, hiyo ni 1,500, na nyumba ina watoto watatu madarasa tofauti, na baba ni kibarua wa ujenzi ambaye saiti imesimama. Zidisha mwenyewe.

Mtu wa kwanza kwenye daftari ni bibi mmoja wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Naikumbuka ile siku kwa sababu alikuja amefunga khanga puani badala ya barakoa na alitembea kwa miguu, jua la saa saba. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, naomba masomo ya mjukuu wangu. Alisema hivyo hivyo, masomo, kama anayeomba sukari robo. Maswali yalikuwa kurasa nane, yeye alikuwa na 300 imefungwa kwenye ncha ya khanga. Akaniambia nipe za mia tatu, zile zingine nitakuja kuzifuata. Nikamuuliza bibi, unataka zipi nizitoe, akasema mimi sijui kusoma mwanangu, we nipe zile za maana.

Nikatoa zote nane. Nikachukua kaunta buku mpya kabisa ya kuuza, nikaandika tarehe, jina la mjukuu, kurasa 8, kalipa 300, deni 500.

Sikufanya kwa huruma tu, niwe mkweli. Tona nilikuwa nimeshaiweka, umeme wa luku nilishanunua, mashine imekaa inaota vumbi, na akili ya biashara iliniambia deni la mia tano ni bora kuliko karatasi iliyolala. Na kweli habari ikasambaa kwamba pale kwa dada wa steshenari unakopeshwa, kufika katikati ya Mei foleni ilirudi kwenye kaunta yangu, safari hii ya watu wazima, wamesimama mbali mbali kwenye alama za chokaa nilizochora chini. Mwezi ule wa Mei mi nilipata hela. Walimu wa shule binafsi nilikuwa nawaona mtaani wanauza mihogo ya kukaanga na dagaa kwa sababu ada haziingii na mishahara imekata, na mimi nilinunua printa ya pili. Sijawahi kuliandika hili popote kwa sababu halikai vizuri mdomoni.

Kwenye daftari hilo hilo kuna jina la Madam wa Hisabati. Siyo kwamba anadaiwa za mwanae. Aliingia jioni moja akasema nitolee seti 40, kuna watoto najua wazazi wao hawatakuja hata iweje, nitawapelekea mwenyewe kwa bajaji. Seti 40 za kurasa 4 ni kopi 160, ni shilingi 16,000. Akasema andika, mshahara ukitoka nalipa. Nikamuuliza shule haina fungu? Akacheka kile kicheko cha walimu. Akaniambia dada, unajua ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka ni shilingi ngapi? Elfu kumi. Na sehemu yake inabaki juu huko kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ndo chaki, ndo ukarabati, ndo mitihani. Tangu 2016 ni elimu bila malipo, michango ya lazima imekatazwa, na mimi naunga mkono kwa sababu nimesoma enzi za kurudishwa nyumbani, ila elfu kumi hiyo kwako hapa ni kopi mia moja.

Baadaye nilipiga hesabu. Kurasa 15 kwa wiki, wiki 12 tangu grupu lianze mpaka shule zifunguliwe, kopi 180. Elfu 18. Mtoto mmoja, darasa moja, ruzuku yake ya mwaka mzima isingetosha kumlipia karatasi za miezi mitatu kwenye duka la mtu kama mimi.

Na grupu nalo lilikuwa na vita zake. Kuna mwalimu mmoja alianza kufundisha watoto watano watano chini ya mwarobaini nyumbani kwake, shilingi 500 kwa siku, kimya kimya kwa sababu mikusanyiko ilikuwa imezuiwa. Siri ikavuja. Mzazi mmoja akaandika kwa herufi kubwa MNALIPWA MSHAHARA MMEKAA NYUMBANI BADO MNATUKAMUA, mwingine akajibu wewe mwanao umemfundisha nini tangu Machi, ikawa matusi mpaka saa sita usiku, Madam akalifunga grupu wasiandike wengine isipokuwa yeye. Nilikuwa nasoma yote na sikuandika neno. Maana mwanangu alikuwa mmoja wa wale watano chini ya mwarobaini. Nilikuwa natoa 500 kila siku, hela inayotoka kwenye kopi za bibi wa Chang'ombe, ukitaka kuiangalia kwa jicho hilo, na mimi kuna siku naiangalia kwa jicho hilo. Mwalimu yule alikuwa anafundisha vizuri pia. Hilo ndo lilikuwa linaniuma zaidi, kwamba hakuwa tapeli.

Sasa turudi kwenye daftari lenyewe, maana kuna kitu sikukiona 2020 nimekuja kukiona juzi nimekaa pale juu ya rimu. Nilihesabu majina. Darasa la saba, majina 61. Wanaodaiwa elfu mbili, elfu nne, mmoja elfu tisa na mia mbili. Wakati ule nilikuwa nikiliangalia daftari naona hasara, usiku najumlisha deni lote nakunja uso. Lakini la saba ya mwaka ule walikuwa 138. Toa waliokuwa na hela ya kulipa taslimu au simujanja nyumbani, tuseme thelathini au arobaini kwa jinsi ninavyowajua wale wazazi. Toa wale arobaini wa Madam wa Hisabati, ambao wengine walikuwa haohao wa kwenye daftari. Bado kuna watoto hawapo popote. Hawapo kwenye grupu, hawapo kwa bajaji, hawapo kwenye deni. Mwenye deni kwangu alikuwa na mtu wa kumtafutia karatasi juani. Wale wasionidai wala kudaiwa ndo walikuwa wanapotea, na mimi nilikuwa nakunja uso kwa ajili ya watu wa elfu mbili.

Tarehe 16 Juni Rais Magufuli alikuwa hapa Dodoma bungeni anahutubia kulivunja Bunge, akasema shule zote zifunguliwe tarehe 29. Vyuo na kidato cha sita walikuwa wametangulia Juni mosi. Ukihesabu kuanzia 18 Machi mpaka 28 Juni ni siku 103. Wiki ile kabla ya kufungua sikulala, kila mtu anataka madaftari, na fundi cherehani wa fremu ya jirani anashona barakoa za kitenge mpaka vidole vimevimba, anauza elfu moja, kwa mtoto mia saba.

Jumatatu ya 29 asubuhi palikuwa na baridi, ule upepo wetu wa Juni unaopenya hadi kwenye sikio. Getini waliweka ndoo mbili za koki kwenye stuli, sabuni ya maji kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Kila mtoto aliambiwa aje na kidumu cha maji kwa sababu maji ya bomba ni ya mgao, kwa hiyo kwa wiki ile nzima barabara yangu ilikuwa inapita watoto na vidumu vya lita tatu kama wanaenda kisimani. Kuhusu kukaa mbali mbali, jamani, mita moja ukiipima kwenye darasa la watoto 70 foleni inatoka mlangoni inavuka barabara inakuja kuishia kwangu kwenye kaunta. Walikaa watatu watatu kwenye dawati kama siku zote. La saba wakaongezewa muda, wanaingia mapema wanatoka jua linazama.

Madam alipita dukani wiki ya pili akiwa na daftari la mahudhurio, akaomba kulinganisha na langu. Tukalaza madaftari mawili kwenye kaunta. Kuna kijana mmoja mrefu, alikuwa ameenda kuamia ndege Chamwino, alirudi Julai katikati baada ya mavuno, sauti imekauka kabisa kwa kupiga kelele shambani miezi mitatu, anaongea kama mzee. Wenzake walimpa jina la redio mbovu. Alikuwa amesahau kugawanya kwa tarakimu mbili. Siyo kwamba alikuwa mzito, alikuwa wa kumi bora kabla ya Machi. Madam alimweka dawati la mbele, akawa anambakisha jioni, na huyu nilishuhudia mwenyewe kwa macho kwa sababu walikuwa wanakaa kwenye kibaraza changu taa ya shule ikiwa imeungua.

Kuna msichana mmoja yeye alikuwa amepata ujauzito nyumbani. Kwa utaratibu wa wakati ule hiyo ilikuwa kwaheri shule. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Ndalichako, alitangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi, nikamkumbuka papo hapo, ila mwanae alikuwa ameshaanza kusimama dede na mama yake anauza karanga za kukaanga soko la Sabasaba.

Mtihani ulisogezwa ukafanyika tarehe 7 na 8 Oktoba. Penseli za HB niliuza boksi zima kwa siku mbili, maana zile fomu za majibu unaweka kivuli kwenye herufi na mashine ndo inasahihisha, ukitumia peni umekwisha. Mwanangu alifaulu, sitajivuna sana kwa sababu mnajua mwarobaini. Mjukuu wa bibi wa Chang'ombe alifaulu. Redio mbovu naye alifaulu, na mpaka leo sauti yake haijarudi sawa, labda ni balehe tu ilimkuta huko shambani.

Mwaka uliofuata uliingia na mambo yake. Tarehe 17 Machi 2021, mwaka mmoja kamili tangu shule zifungwe, usiku ndo Mama Samia akatangaza msiba wa Rais Magufuli. Kuanzia kesho yake mpaka alipoagwa hapa Dodoma uwanja wa Jamhuri nilikuwa naprinti picha zake za A4 zenye utepe mweusi mpaka wino ukaisha mjini. Julai ikaja chanjo. Oktoba 2021 hapahapa Dodoma ukazinduliwa ule mpango wa trilioni 1.3, mkopo wa IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, wa mambo ya UVIKO, na humo yakatoka madarasa 15,000, ya sekondari 12,000 na ya shule shikizi, vile vishule vidogo vilivyo chini ya shule mama, 3,000. Yalipoanza kutumika mwanangu alikuwa ameshaingia kidato cha pili, akaja ananiambia mama tumepata darasa lina vigae, chini panateleza, watu wanavua viatu mlangoni. Sekondari ile kabla ya hapo kidato cha kwanza walikuwa wanasomea kwenye maabara isiyo na vifaa. Kwa hiyo ukiniuliza korona iliacha nini kwenye shule zetu za serikali, kuna majengo unaweza kwenda kuyagusa, yapo. Ila jengo ni la mtoto aliyefika kidato cha kwanza.

Bibi wa Chang'ombe deni lake lilifika 3,400. Alikuwa analipa mia mbili, mia tatu, kila akipita mnadani, na kila akilipa ananiambia futa niione, mtu asiyejua kusoma, anataka aone peni inapita juu ya mstari. Alimaliza Februari 2021. Mwaka jana mjukuu wake alikuja kwangu kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, ya kidato cha tano mtandaoni, kijana kabisa, ana ndevu mbili tatu, hakunikumbuka. Alilipa elfu mbili ya huduma akasema asante anti.

Wengine 20 na kitu hawajalipa hadi leo na sidhani kama wanakumbuka, na mimi sikuwahi kumfuata mtu. Madam alilipa zote, ila kwa miezi mitano.

Kilichonichelewesha juzi siyo madeni lakini. Katikati ya daftari kulikuwa na karatasi nne zimekunjwa. Sayansi, Hisabati kurasa mbili, Kiswahili. Kwa juu nimeandika kwa penseli jina la msichana mmoja na tarehe 14 Mei, pembeni, ATAFUATA KESHO. Mama yake alikuwa amepiga simu kwa jirani akaomba nizitoe kabisa ili asikae foleni. Namkumbuka yule binti, alikuwa anapenda rula za plastiki za rangi, alikuwa anaziangalia dhidi ya jua. Wakati sisi tunalinganisha madaftari Julai ndo Madam aliniambia huyu ameshapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, kuna mtu alikuja kuchukua mabinti watatu mtaani kwao mwezi ule wa Mei, mama akaona kuliko kukaa bure. Miaka 13. Madam alipiga simu ile namba ya jirani mara nyingi tu, mwishowe ikawa haipatikani.

Tona imefifia kidogo ila maswali yote yanasomeka. Nikazikunja tena kwenye mikunjo yake ileile, nikazirudisha katikati ya daftari, daftari nikaliweka juu ya boksi la mwisho, kwa sababu wale vijana walikuwa wameshaanza kuburuza mashine mlangoni na waya wa umeme sijauchomoa.